Pumzi Kwenye Bomba la Dizeli

Mjukuu wangu ana utundu unaowasha. Amesikia watu wakinong'ona habari zangu kwenye foleni ya maji, basi kaja na daftari na kalamu, kaviweka mezani mbele yangu kama askari anayetaka maelezo. "Bibi, andika mwenyewe. Ukisimulia unarukaruka."

Narukaruka kwa sababu kuna mahali pananuka. Wewe ungepita katikati?

Haya. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu nililirudia. Herufi zangu zimelala upande kama walevi. Na anayetaka hadithi ya mwanamke mrembo aliyevaa nyeupe akisimamisha magari barabarani, aende kwingine, huko wamejaa. Hii yangu ni ya nipeli. Kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba, kinachobana bomba la dizeli kwenye pampu ya lori. Hapo ndipo utu wangu ulipoishia.

Marehemu mume wangu aliniachia lori. Lilikuwa likikohoa kama yeye, likivuta moshi kama yeye, na asubuhi haliamki mpaka ulitukane. Nililiendesha kwa ubahili. Watu wananiita mbahili hadi leo, wala sikatai. Mpira ukikatika, nafunga kwa uzi. Tangi likivuja, nasugua sabuni ya kufulia. Pampu ya mkono, ile ya kupandishia dizeli, ilitoboka utando wake mwaka ambao mume wangu alikufa, na sikuinunulia mwingine. Ya nini, na mdomo ninao? Unafungua skrubu ya hewa, unachomeka mpira, unavuta kwa mdomo mpaka dizeli ifike. Ukiionja, unatema, unakaza. Kifua changu kilikuwa pampu ya bure.

Jioni hiyo lori lilikuwa limepakia nyanya, kreti mia mbili, zimeiva mpaka zinatoa machozi. Zilitakiwa sokoni mji wa pili kabla ya kupambazuka, la sivyo ni za kumwaga. Dereva wangu tulimwita Pole, kwa mwendo wake. Akawasha. Likawaka. Likazima. Akawasha. Likapiga chafya. Likazima.

Fundi Kidole akaja. Alibakiwa na vidole vitatu mkono wa kulia, ndiyo asili ya jina. Akaingia chini, akatoka na uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Nipeli imepasuka, mama. Inavuta hewa. Dizeli haipandi."

"Weka mpira, funga na waya."

"Mpira niliweka mwezi uliopita. Uzi nimeweka. Sabuni nimeweka mpaka bomba linatoa povu. Mama, hili ni gari, si nguo ya kutia kiraka."

"Nipeli mpya je?"

"Dukani hawauzi nipeli peke yake. Wanauza bomba zima." Akanitajia bei. Ilikuwa bei ya kreti arobaini.

"Kreti arobaini kwa kitu cha ukubwa wa pipi!"

"Basi kaa na nyanya zako uzipikie majirani."

Pole akacheka. Nikamkata jicho, akameza kicheko chake. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaondoka pale, kimekwenda mtaa wa pili, nyuma ya nyumba ya mdogo wangu.

Hapo ndipo pananuka. Sasa napita katikati, tulieni.

Mdogo wangu, tumbo moja, aliolewa na mwanamume mmoja mpole anayetafuna peremende tangu aache sigara. Huyo ndiye shemeji yangu. Yeye na mume wangu walinunua malori siku moja, pacha, hata mlango wa kushoto yote mawili ulikuwa unagoma. Miezi minne kabla ya jioni ile ya nyanya, shemeji alikuja kwangu kuazima jeki. Nilisema kuazima? Nilimkodisha. Shemeji yangu mwenyewe. Nikamwambia atanilipa galoni moja ya dizeli, na jeki lirudi kabla jua halijazama.

Na jeki lile lilikuwa na ugonjwa. Sili yake, ile raba ya kuzuia mafuta ya ndani yasivuje, ilikuwa imechakaa. Ukilipandisha linakaa vizuri, unasifu, halafu polepole linaanza kushuka. Huwezi kuona kwa macho. Nilijua. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Sikumwambia, maana ningemwambia asingelichukua, na galoni yangu ingepotea.

Shemeji aliingia chini ya lori lake, akabadilisha bolti ya springi, akamaliza. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakuweka magogo ya kushikilia lori kwa sababu ilikuwa kazi ya dakika chache. Angetoka. Lakini akakumbuka galoni yangu. Akafungua bomba pale pale chini, akaweka mdomo, akaanza kuvuta dizeli ya kunilipa mimi.

Jeki likashuka.

Mdogo wangu alimkuta bado hai, kifua kimebanwa, bomba mdomoni. Watu walipofika na kuliinua lori, alikuwa ameshakwenda. Kwenye ule mtafaruku, watu wakilia, mimi nililiviringisha jeki kwenye gunia na kwenda nalo nyumbani. Kwenye mazishi walisema, "Kosa lake mwenyewe, hakuweka magogo." Na mimi, shemeji mtu, niliyekaa kwenye mkeka wa mbele, nikaitikia: "Kweli, hakuweka."

Mmeshanijua sasa. Tuendelee.

Jioni ile ya nyanya nikamwambia Kidole asubiri, najua mahali penye nipeli. Nikachukua bakuli la unga mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, ndani ya kitenge, spana namba kumi na saba. Jua lilikuwa linaondoka. Mtaa ulikuwa na moshi wa majiko na harufu ya vumbi lililomwagiwa maji.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini. Mabega yake yalikuwa yametoka kama hanga la kutundikia nguo.

"Dada. Umekumbuka kuja."

"Nimekuletea unga."

"Kaa basi."

"Siwezi, gari limepakia."

Akalipokea bakuli, akaliangalia bila kuliona. Akanishika kiganja. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Dada... alitaka kuniambia kitu. Nilimshika mkono. Ananitazama tu. Macho yanasema, mdomo hausemi. Kama angepata pumzi moja, dada. Moja tu. Hiyo ndiyo inanila. Si kufa kwake. Sote tutakufa. Ni lile neno."

Nikasema, "Usijitese." Nikasema, "Napitia chooni kidogo."

Choo kilikuwa nyuma. Na lori lilikuwa nyuma.

Lilikuwa limesimama juu ya mawe, magurudumu yamenywea, majani yameota mpaka kwenye bampa. Mdogo wangu alikuwa ameapa hauzi hata msumari wake. Nililala chali, nikajiburuta chini. Ardhi pale ilikuwa ngumu na baridi, na sehemu moja nyeusi haikuota jani hata moja. Nilijua nimelala juu ya nini. Niliendelea.

Nipeli ilikuwa pale pale, kama ya kwangu. Tofauti moja: ilikuwa na mstari wa rangi nyekundu, umeanzia kwenye bomba ukapita juu ya nati. Mafundi huweka alama hiyo wakishakaza, wajue kama kuna mtu amegusa. Sikujali. Nikaweka spana. Nikaegemea.

Mstari ukakatika vipande viwili.

Fsss...

Hewa. Nikasema, ni kawaida, bomba lililofungwa miezi minne lazima litoe hewa. Nikangoja iishe.

Fsssss...

Haikuisha. Na haikuwa ya baridi. Ilikuwa ya vuguvugu. Ilinipiga shavuni kama mtu anayelala karibu yako mto mmoja. Jani moja kavu lililokuwa karibu na pua yangu lilikuwa linatikisika... linatulia... linatikisika... linatulia.

Halafu harufu.

Nilitegemea dizeli. Ilikuwa peremende.

Niliifungua ile nipeli kwa haraka ya mwizi, nikaitoa na kipande chake kifupi cha bomba, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia kifuani. Bomba nililiacha wazi, mdomo juu. Hata fundi wa wiki moja anajua ukifungua bomba unaliziba. Mimi sikuziba. Nilipita ubavuni mwa nyumba kimya kimya bila kuaga.

Njiani ile nipeli ilikuwa ya moto kifuani kwangu. Moto wa yai lililotagwa sasa hivi. Nikitembea, ilitulia. Nikisimama kupumzika... niliisikia. Ikipanda. Ikishuka.

Nikaacha kupumzika.

Kidole aliipokea, akaigeuza mbele ya taa ya mkono.

"Hii umeitoa wapi?"

"Dukani."

"Duka gani linauza vitu vyenye rangi yangu?"

Aliiweka chini taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyelala.

"Mama," akasema, na sauti ya utani ilikuwa imemtoka yote. "Siku ile ya shemeji yako niliitwa kufunga lile bomba, dizeli ilikuwa inamwagika. Nikalishika. Likawa linapumua. Nikasema hewa. Nikasubiri itoke. Nilisubiri, mama, mpaka watu wameshambeba na kuondoka. Haikuisha. Nikakaza, nikatia rangi, sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wangesema nimekunywa." Akafuta mikono yake kwenye kitambaa, ingawa haikuwa michafu. "Irudishe. Sasa hivi. Na umwambie mdogo wako."

"Na nyanya?"

"Unaniuliza nyanya?"

"Nakuuliza utaifunga au huifungi."

"Siifungi. Hata ukinirudishia vidole vyangu viwili."

Akachukua boksi lake la spana akaondoka. Mwenye akili angemfuata. Mimi nilikuwa na kreti mia mbili.

Niliifunga mwenyewe. Miaka thelathini na malori, siwezi kushindwa na nipeli. Pole alimulika. Ilikaa kwenye pampu bila shida, kama iliyozaliwa hapo. Nikafungua skrubu ya hewa. Nikachomeka mpira. Nikaweka mdomo.

Nikavuta.

Hewa. Nikavuta tena. Hewa tu. Povu lilikuwa linatoka pembeni ya skrubu, viputo vidogo, vikubwa, vidogo, havikatiki. Nikavuta mara ya tatu.

Na kitu upande wa pili kikaacha kuvutwa... kikaanza kuja chenyewe.

Sikuwa navuta. Nawaambia sikuwa navuta! Iliingia. Vuguvugu, tamu, peremende mpaka machoni. Ikajaza mashavu, koo, kifua. Nilitaka kuutoa mpira mdomoni, meno yakawa yameung'ata. Kifua kikajaa mpaka mbavu zikasema. Kisha ukaja uzito. Juu yangu. Taratibu, usioonekana kwa macho, kama kitu kinachoshuka kidogo... kidogo...

Pole alinipiga mgongoni kwa kiganja. Mpira ukatoka. Dizeli ikafuata kwa kuruka, safi, ikanimwagikia usoni. Nikakaza skrubu kwa mikono isiyokuwa yangu.

"Mama, uko sawa?"

Nilitaka kumwambia awashe. Kauli haikutoka. Kifua kilikuwa kimejaa hewa na haitoki. Nilipumua juu juu tu, kwenye upenyo uliobaki, kama mtu aliyebanwa kwenye mlango. Nikamwonyesha ufunguo kwa kidole.

Liliwaka mara moja. Halijawahi kuwaka hivyo tangu mume wangu yu hai. Lilinguruma kama jipya. Na mimi, kwa ujinga wangu ambao sina mwenzangu, nilifurahi. Nikapanda nikaketi karibu na Pole. Nikawaza: nimeokoa kreti arobaini.

Njia ya kwenda barabara kuu inapita mbele ya geti la mdogo wangu. Hakuna nyingine. Giza lilikuwa limeshaingia, lile la mwanzo, ambalo bado unaona paa za nyumba. Pole alikuwa anaendesha kwa mwendo wake. Tulipofika usawa wa geti, lori likapunguza.

"Usisimame," nilitaka kusema.

"Sijakanyaga breki, mama," akasema yeye, kana kwamba amenisikia.

Injini ikatikisika. Ikazima.

Kimya. Kreti zikalia kidogo huko nyuma, zikatulia.

Halafu tukasikia.

Hhhhh... hhhhh... hhhhh...

Pole aliinama, akaweka sikio kwenye dashibodi. "Injini imezima. Mbona inapumua?" Akafungua dirisha. Akasikiliza nje. Akafunga. Akasikiliza ndani. Polepole, kama kila alichofanya maishani, akageuza shingo akanitazama.

"Mama..."

Nikatikisa kichwa.

"Mama... ni wewe."

Akafungua mlango akaruka. Siku hiyo ndiyo nilijua Pole anaweza kukimbia.

Geti likalia. Mwanga wa tochi. Mdogo wangu, kitenge begani, miguu mitupu.

"Nani? Dada? Mbona mmesimama hapa?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nao umekaa ulimini, umevaa viatu: gari limeharibika tu, rudi ulale. Nikashuka. Nikasimama mbele yake. Nikafungua mdomo.

Na kile kifua kilichojaa kikaanza kujimwaga.

"Jeki..."

Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya mwanamume. Nyembamba, imebanwa, inasukumwa kutoka chini ya kitu kizito. Na peremende ikajaa njia nzima.

Tochi ikaanguka. Haikuzima, ilibaki inamulika miguu yetu.

"Mume wangu?" akanong'ona.

"Jeki... la dada yako... linashuka..."

Nililibana domo langu kwa mikono miwili. Nililibana kwelikweli. Maneno yalipita kati ya vidole.

"Mwambie..."

Ikaishia hapo. Kifua kikawa kitupu ghafla, nikaanguka kwa magoti kwenye mwanga wa tochi, nikakohoa dizeli.

Mdogo wangu alisimama juu yangu. Nilisubiri apige kelele. Kelele ningeziweza, kelele nimezizoea. Hakupiga. Aliuliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayemuuliza mtoto.

"Jeki lilikuwa lako?"

"Ndiyo."

"Ulijua kwamba linashuka?"

Sasa ilikuwa sauti yangu, na ilikuwa mbaya kuliko ile nyingine. "Nilijua."

"Kabla hajalichukua?"

"Kabla."

"Na ile dizeli. Nilikuwa najiuliza kila siku. Kazi imekwisha, kwa nini hakutoka, kwa nini anavuta dizeli. Alikuwa anamvutia nani?"

Akaiokota tochi, akanimulika usoni, na dizeli ilikuwa bado inanichuruzika kidevuni. Nadhani hilo lilimtosha. Akaingia ndani. Akafunga geti bila kulibamiza.

Nyanya ziliozea pale pale, mbele ya geti lake. Lori halikuwaka tena. Siku tatu nzi, siku ya nne watoto walikuwa wanaziba pua wakipita, na kila mtu aliuliza kwa nini gari la dada limeozea kwa mdogo. Pole hakurudi hata kuchukua kofia yake. Kidole ndiye aliyekuja kuitoa nipeli, kwa hiari yake. Aliiweka sikioni, akasikiliza, akaitikisa.

"Tupu," akasema. "Haimo tena." Kisha akanitazama kifua, akaangalia pembeni haraka.

Alikuwa sahihi. Jua likielekea kuzama, mahali popote nilipo, jikoni, dukani, kwenye mazungumzo ya watu, kifua kinaanza kujaa. Peremende inakuja. Nikikaza meno, nazimia. Nikiacha, shemeji anasema. Maneno yale yale, kwa sauti ile ile, na anaishia pale pale. Mara ya kwanza baada ya usiku ule alisema mbele ya wauza mboga sita. Tangu hapo mtaa mzima unajua jeki lilikuwa la nani.

Nilikwenda kwa mganga mmoja anayesifiwa. Alinisikiliza mgongoni kwa sikio lake, akainuka kama aliyeungua, akanirudishia kuku wangu. Msiombe mjue uchungu wa mganga kukurudishia kuku! "Hiki si chako," akaniambia, "na si changu kukitoa. Kina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mtaa wa pili.

Nilikwenda na kadi ya lori mkononi. Nilimwambia mdogo wangu, chukua gari, chukua na nyumba ukitaka, mimi nitalala kwenye banda. Nilipiga magoti, mimi niliyemfunga nepi. Aliiangalia kadi bila kuigusa.

"Sitaki chuma," akasema. "Chuma ninacho huko nyuma." Kisha akauliza, "Mwambie nini?"

"Sijui. Haki ya nani, sijui. Anaishia hapo."

"Labda siku moja atamaliza."

"Labda."

"Basi utakuja kila jioni. Usibishe hodi, usiniletee kitu, usinisalimie. Utakaa kwenye kile kigoda, mimi nitasikiliza. Mpaka amalize."

Sasa ni mwaka wa tisa.

Wajuzi wamenipa majibu yao. Mmoja anasema alitaka kusema "mwambie nimemsamehe". Kidole, kabla hajafa, alisema fundi yeyote angesema "mwambie abadilishe sili", basi, hakuna la ajabu. Mwingine kasema jambo ambalo siliandiki kwenye daftari la mtoto. Mimi sina jibu. Lile neno lililobaki ni langu, limetumwa kwangu, na siku likifika nitakuwa mimi ndiye ninayelitoa kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mtu niliyemfanya mjane. Kuna jioni naomba lije. Nyingi naomba lisije.

Na kila shemeji akisema, anaondoka na kipande cha pumzi yangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafika kule bila kusimama. Sasa napumzika mara tano. Juzi, mara sita.

Nakaa kwenye kigoda. Mdogo wangu anasogea, anainama, anaweka sikio mdomoni kwangu, anafumba macho. Nywele zake zilikuwa nyeusi tulipoanza. Zimeota mvi zikigusa shavu langu. Mumewe anamwambia: jeki la dada yako linashuka. Mwambie. Halafu hakuna kitu. Anabaki ameinama vile vile, anasubiri, muda mrefu, na mimi siruhusiwi kutikisika.

Kisha anajinyoosha na kunifungulia mlango. Kwa miaka yote hii hajaniita dada. Ana neno moja tu ambalo bado ananipa.

"Kesho."